Filamu Isiyochuja

Rafu yangu ya filamu ilitengenezwa na fundi wa Keko, Dar es Salaam, kwa vipimo nilivyompa mwenyewe: ngazi 2, kila ngazi ibebe kava 20, basi. Fundi alitaka kuongeza ngazi ya tatu bila malipo, maana ubao ulimbakia. Nikamshukuru, nikakataa. Leo ni mwaka wa 9 na rafu ile bado ina nafasi. Zimo filamu 31. Zilizowahi kuingia humu ndani zikatoka ni nyingi kuliko hizo, na kila iliyotoka ilinifundisha jambo kuhusu zilizobaki.

Mama yangu alikuwa mnunuzi hodari wa kanga. Hakudanganywa na pambo. Alisoma jina kwanza, kisha akakisugua kitambaa kwa vidole asikie kama uzito wake ni wa pamba au wa wanga tu, halafu akajiuliza itakuwaje ikishafuliwa mara 10. Kanga ya wanga hung'aa dukani, na ikiguswa na maji huchuja na kulegea. Mimi nilichukua miaka mingi kujua kwamba filamu nazo zinanunuliwa hivyo hivyo. Karibu kila filamu inapendeza siku ya kwanza. Ya kuweka ndani ni ile ambayo umeshaijua mwanzo na mwisho, umeshaifua mara 10, na rangi yake ipo palepale.

Nilikulia Tanga, Ngamiani, wakati ambapo hakuna mtu mtaani kwetu aliyemiliki filamu. Tulikodi. Maktaba ya kanda ilikuwa chumba kimoja chenye pazia mlangoni, na sheria yake ilibandikwa ukutani: rudisha mkanda mwanzo kabla hujauleta. Ukichelewa siku, unalipa. Kanda moja ilizunguka mtaa mzima, deki hadi deki, mwaka hadi mwaka, mpaka picha ikaanza kuingiwa na mistari myeupe. Lakini haikuchakaa sawasawa. Palipochakaa zaidi ni pale watu walipoparudia: wimbo fulani, kofi fulani, kifo fulani. Tulipokodi kanda ya Sholay, picha ilikuwa safi kabisa kwa muda mrefu, kisha ghafla inaanza kuruka na kutetemeka, na kaka yangu alikuwa akisema, "Tulieni, hapo ndipo pazuri." Mtaa ulikuwa umeweka alama zake juu ya filamu kwa kuipenda.

Sholay ndiyo ya kwanza kwenye rafu yangu, upande wa kushoto, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kuchagua. Ilitoka mwaka 1975. Mwongozaji ni Ramesh Sippy, waandishi ni Salim Khan na Javed Akhtar. Jai na Veeru ni wezi wawili marafiki. Kila wanapokwama kufanya uamuzi, Jai hurusha sarafu. Wapo ndani ya treni ya mizigo, afisa wa polisi aliyewakamata amepigwa risasi, na wao wanaweza kumwacha wakatoroka au wampeleke hospitali wakarudi mikononi mwa sheria. Jai anarusha sarafu. Inaangukia kichwa, wanamwokoa. Inaendelea hivyo hadi darajani, wamezingirwa na majambazi, risasi zinawaishia, mmoja lazima abaki nyuma ili wengine wapone. Sarafu inarushwa tena. Jai anabaki. Jai anakufa. Veeru anaiokota sarafu ile, anaigeuza, na kumbe ina kichwa pande zote mbili.

Sisi watoto tulikuwa na kanuni moja ya sinema: stelingi hafi. Siku hiyo kanuni ilivunjika na tuligombana nje hadi usiku, wengine wakidai Jai hakuwa stelingi wa kweli. Ugomvi huo ulikuwa wa siku ya kwanza. Ladha yenyewe niliipata nilipoirudia. Sasa naijua sarafu. Narudi kwenye ile treni, Jai anaitupa hewani, na moyo wangu unashtuka, maana hakuna bahati hapo tena. Ameshaamua. Ameamua kumwokoa afisa aliyemfunga pingu, na anamwachia rafiki yake aamini kwamba ni sarafu iliyosema. Kila mrusho mwingine nao unageuka hivyo. Kichekesho cha mara ya kwanza kinakuwa wema wa mtu asiyetaka kushukuriwa. Filamu haikubadilika hata fremu moja, na bado naiona nyingine.

Halafu kuna shuka ya Thakur. Sanjeev Kumar anamcheza mwenye ardhi anayewakodi vijana wale wamkamate jambazi Gabbar Singh, na kwa muda mrefu amejifunika shuka mabegani. Siku ya Holi kijiji kinavamiwa, bunduki imelala karibu na miguu yake, vijana wanahitaji msaada, naye anasimama tu. Unamchukia. Baadaye upepo unaipeperusha shuka ile na tunaona hana mikono, Gabbar aliikata. Ukiirudia, humtazami mtu mwingine kwenye tukio la Holi. Unatazama uso wa Thakur akiitazama bunduki.

Na zile taa. Jioni, Radha, mjane, anazima taa za kibarazani moja moja, na Jai amekaa ng'ambo akipuliza harmonika. Hawasemi neno. Mpiga picha Dwarka Divecha na mwongozaji wake walitaka mwanga wa machweo hasa, ule unaodumu dakika chache, kwa hiyo vipande vile vifupi vilichukua siku takriban 20 za kusubiri jua. Sikulijua hilo utotoni, na kanda yetu iliyochoka isingeweza kunionyesha. Diski nzuri ilinionyesha. Ule weusi wa samawati nyuma ya Radha una tabaka, na kila taa inayozimwa inaondoa kitu.

Hapa ufundi wa mteuzi unahitajika zaidi, maana Sholay si diski moja. Mwisho uliopigwa kwanza ulimwonyesha Thakur akimwua Gabbar. India ilikuwa chini ya hali ya hatari na wakaguzi wakakataa raia kujichukulia sheria mkononi. Ikapigwa upya, polisi wakafika, Gabbar akakamatwa. Matoleo mengi yana mwisho huo. Baadhi ya diski za baadaye zina ule wa awali, na zina takriban dakika 204. Mwaka 2025 nakala iliyokarabatiwa yenye mwisho wa awali ilionyeshwa Bologna, Italia. Kwa hiyo anayesema "ninayo Sholay" nitamwuliza: ipi?

Filamu ya pili haina bunduki. Pather Panchali ya Satyajit Ray, ya mwaka 1955, ni ya familia maskini kijijini Bengal. Ray hakuwahi kuongoza filamu kabla ya hapo, na mpiga picha wake Subrata Mitra hakuwahi kupiga filamu. Walianza kwenye shamba la maua meupe ya kaash, watoto wawili wakienda kuiona treni; waliporudi baada ya siku chache kumalizia, ng'ombe walikuwa wameyala maua yote, ikabidi wasubiri yachanue mwaka uliofuata. Lakini kinachonirudisha ni kilio kimoja. Baba amerudi kutoka safari ndefu, hajui kwamba binti yake Durga amefariki. Anatoa zawadi alizowaletea, na mwishowe anamwonyesha mkewe sari ya Durga. Mama anaiuma nguo ile, anafungua mdomo kulia, na sauti yake hatuisikii. Ray ameiondoa. Mahali pake inapanda ala moja katika muziki wa Ravi Shankar, nyembamba, ya juu, ikikata. Sisi tuliolelewa na tarabu tunajua fidla inaweza kumlilia mtu aliyeshindwa kulia. Huwa nafumba macho kipande hicho kikifika, nasikiliza tu. Hicho ndicho kipimo changu kimojawapo siku hizi: filamu ambayo bado inasema nami nikiwa nimefumba macho.

Diski ile naishika kwa adabu ya pekee kwa sababu karibu tuipoteze. Mwaka 1993, mwaka mmoja baada ya Ray kufariki, moto uliteketeza maabara ya filamu mjini London na kuunguza negativu zake. Mabaki yalitunzwa Marekani. Miaka 20 baadaye mafundi wa Bologna waliyalainisha kwa dawa yaliyokuwa yamekakamaa, wakayakarabati matundu ya pembeni kwa mkono, kipande kwa kipande, na palipoungua kabisa wakajazia kutoka nakala nyingine. Kazi ilionyeshwa mwaka 2015. Nikiona ule uwanda wa kaash ukipepea mweupe bila mikwaruzo, nawafikiria watu wale waliokaa na kibano na gundi juu ya picha ya watoto wasio wao.

Ya tatu niitaje haraka: Samurai Saba ya Akira Kurosawa, 1954, dakika 207. Mara ya kwanza kuitazama niliangalia panga. Mara ya tatu nikagundua kwamba samurai wote 4 wanaokufa wanauawa kwa risasi, hakuna hata mmoja aliyeshindwa kwa upanga. Tangu hapo, majambazi wakitajwa kuwa na bunduki 3, chumba changu hunyamaza.

Filamu zilizotoka kwenye rafu sizisemi vibaya. Nyingi zilikuwa na siri moja tu, na siri ikishatoka nyumba inabaki tupu. Nyingine nilizinunua kwa sababu zilisifiwa na watu ninaowaheshimu. Nikaziheshimu mimi pia, na sikuzikumbuka kamwe. Kwetu filamu mpya hukaa mwaka mzima juu ya meza ya televisheni kabla ya kupandishwa. Mwaka ukiisha bila mtu humu ndani kuitaja wakati wa kula, inakwenda kwa jirani. Mke wangu, watoto wakigombania kipande cha mwisho cha mkate wa kumimina, huwaambia, "Rusheni sarafu ya Jai," na mkubwa ameshaelewa maana yake: anamwachia mdogo.

Kuhusu ununuzi wenyewe, nitasema ninayoyajua kwa kuumia. Igeuze diski. Iliyopigwa kiwandani ina rangi ya fedha chini. Yenye mng'ao wa zambarau imechomwa kwenye kompyuta, rangi yake ya ndani itafifia na siku moja itakwama katikati. Diski moja inayoahidi filamu 20 imezibana zote hadi nyuso zimekuwa unga, na mwanga wa Divecha hauwezi kupona humo. Za Ulaya nyingi zinakimbia fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo zile dakika 207 zinakuwa karibu 199 na sauti zinapanda kidogo; sikio lililozoea litalalamika. India na Afrika Mashariki tumepangwa eneo moja la diski, nambari 5, bahati ambayo wengi wetu tuliifaidi bila kuijua. Ukiifuta, futa kwa kitambaa laini kutoka kitovuni kwenda ukingoni, usizungushe, maana deki husamehe mkwaruzo unaokata njia kuliko ule unaoifuata. Na zile VCD za zamani ziogopee mgongo wenye maandishi: picha yako imelala chini kidogo tu ya wino ule.

Upande wa kulia wa rafu nimeacha nafasi 9, na nimeziacha kwa makusudi. Ni za kwetu. Ninayo Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ya mwaka 2001, na uso wa Amandina Lihamba katika filamu ile unastahili kurudiwa kama shairi la kale, kwa kituo na kwa makini. Ninazo Bongo Movie chache ambazo watu wangu hawakubali zitoke. Lakini Muhogo Mchungu, iliyopigwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambayo stelingi wake alikuwa kijana Rashidi Kawawa aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, sijawahi kuikuta kwenye diski ya kununua, na nimeitafuta. Wala zile za Kampuni ya Filamu Tanzania sijazikuta. Watoto wangu wanaijua barabara ya vumbi ya kijiji cha Thakur fremu kwa fremu, na hawajawahi kuona mtaa wa Dar es Salaam wa wakati wa babu yao ukitembea.

Mafundi wa kuokoa picha wapo duniani, na wameshafufua zilizoungua moto. Wanachohitaji ni kitu cha kushika. Basi wewe unayesoma, kama juu ya kabati la marehemu mzee wako kuna mkebe wa bati wenye mikanda, au boksi la kanda za VHS lililofungwa kamba, usilichome siku ya usafi na usimpe muuza chakavu. Liweke pakavu, mbali na jua, andika juu yake ni la nani na la lini, kisha wapigie simu watu wa nyaraka au chuo kilicho karibu nawe kabla ya mvua za masika.