Istilahi za Meno ya Watoto

Karagwe na Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ziko mbali na hospitali kubwa ambako mabingwa wa meno ya watoto na wa upangaji wa meno hupatikana. Mtoto wa huko hutibiwa na daktari wa meno wa kawaida au tabibu wa meno. Hivyo ni haki kudai kwamba watumishi hao waongezewe mafunzo ya fani hizo mbili. Lakini watamweleza mzazi kwa maneno gani? Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno, yaliyoanza Muhimbili mwaka 1979, hutolewa kwa Kiingereza. Mama wa Kayanga huzungumza Kinyambo nyumbani. Wawili hao hukutana katika Kiswahili, na hapo ndipo istilahi zetu zinapopwaya.

"Meno ya maziwa" ni jina lililokwisha kukita mizizi, wala hatudai ling'olewe. Hata hivyo, humfanya mzazi ayadhanie kuwa meno ya kupita tu. Gego la mtoto wa miaka 5 likitoboka, husemwa liachwe, litang'oka lenyewe. Kumbe gego la pili la utoto hukaa mpaka miaka 10 au 12, likilishikia mahali jino litakalofuata. Liking'olewa mapema, gego la kudumu lililo nyuma yake husogea mbele, na jino lile hukosa pa kuotea. Kwa kufundishia, twapendelea "meno ya utoto", yakabiliane na "meno ya kudumu".

Lililo baya zaidi ni "meno ya plastiki", ambayo wengine huyaita "ya nailoni". Mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, uvimbe mweupe wa ufizi hudhaniwa kuwa ndio chanzo, ukachimbuliwa kwa chombo kisicho safi. Nchini Uganda imani hiyo hujulikana kwa jina la ebino. Kinachochimbuliwa si plastiki wala nailoni: mara nyingi ni chonge ya utoto ambayo haijachomoza. Mtoto aweza kuvuja damu nyingi, kuambukizwa, hata kufa. Anayepona aweza kuikosa chonge hiyo, na ile ya kudumu ikaota na kilema. Sasa, mwelimishaji anaposimama kliniki na kusema, "Msing'oe meno ya plastiki," amekwisha kukubali kwamba yapo! Twaonelea jina hilo litajwe mara moja, ili mama ajue linalozungumzwa, kisha liachwe. Baada ya hapo isemwe "chonge changa". Sentensi "hii ni chonge changa, haijaota" haihitaji kamusi.

Katika fani ya upangaji, "unyooshaji wa meno" haufai. Jino lililokaa upande halijapinda; limekaa pasipo pake, na pengine kasoro i katika taya. "Upangaji" ni afadhali, ingawa hauelezi namna meno ya juu yanavyokutana na ya chini. "Mkutano wa meno" ungeeleza, lakini msomaji angeuliza mwenyekiti ni nani. Twapendekeza "mbano wa meno", kwa kuwa daktari humwambia mtoto abane meno ndipo atazame.

Kuna tofauti moja ambayo Kiswahili kinayo tangu zamani, na mfasiri asiyeangalia huifuta kwa kuandika "nafasi" kila mahali. Mwanya ni uwazi wa asili kati ya jino na jino. Pengo ni mahali palipotoka jino. Mianya katika meno ya mbele ya utoto ni heri, maana meno ya kudumu yatakayofuata ni mapana zaidi. Pengo la gego ni jambo jingine: hilo huhitaji kuangaliwa, na mara nyingine kuwekewa kifaa cha kuzuia meno ya jirani yasiliingilie, ambacho twashauri kiitwe "kitunzapengo". Mama anayeambiwa tu kwamba mwanawe ana "nafasi" hajui kama afurahi au arudi kliniki.