Gari la Fundi Bomba Laenda Jangwani

Gari la fundi bomba wa Marekani lina milango mingi kuliko nyumba anayolala. Mbele ni kichwa cha kawaida cha Ford, Chevrolet au Ram. Nyuma yake imekaa bodi ya chuma iliyofunikwa juu na pande zote, na ubavuni, kulia na kushoto, yamepangwa makabati yanayofunguliwa kwa nje. Kila kabati lina mlango wake, kitasa chake na mpira wake wa kuzuia mvua. Moja hubeba viungo vya mabomba, jingine skrubu na washa, jingine mashine nzito ya kuzibulia mitaro. Katikati ya safu hizo mbili hubaki ujia, na fundi huingia kwa mlango wa nyuma akiinama au akisimama wima, kutegemea kimo cha paa alilolipia mwajiri wake.

Magari haya hutumikia makampuni ya maji, simu na gesi kwa miaka, kisha hupigwa mnada yakiwa na mikwaruzo, harufu ya grisi na kivuli cha jina la kampuni kwenye rangi. Wanunuzi wengi ni mafundi wengine. Lakini wapo wachache wanaoyataka kwa safari: watie kitanda, jiko, maji na umeme, waondoke nayo kwenda kukaa nyikani wiki mbili. Kazi ya hao ndiyo ninayoisifu hapa, na si kwa sababu ya uzuri wake, kwani mara nyingi haina uzuri wa kupigwa picha. Naisifu kwa sababu bingwa wa kazi hii huanza kwa kujiuliza fundi aliyetangulia alikwisha kutatua nini.

Alikwisha kutatua mengi. Chukua bodi zinazotoka Knapheide, kampuni ya mji wa Quincy, Illinois, kando ya mto Mississippi. Ilianzishwa mwaka 1848 na mhamiaji wa Kijerumani aliyekuwa akitengeneza magari ya kukokotwa na wanyama, na ingali palepale ikiunda bodi za malori. Ukoo wa mafundi uliofikiri kwa karne na zaidi jinsi mzigo unavyotikisika njiani haukosi kuacha alama. Mlango wa kabati unafungwa kwa kubana mpira sawasawa kila upande. Rafu zinahamishika bila kuchomelea upya. Uzito umegawanywa pande mbili za chesisi, kwa sababu mtu aliyepakia vyuma vyote upande mmoja alijuta kwenye kona.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hahitaji kuelezwa sana juu ya utaratibu wenyewe. Anajua kwamba Isuzu huweza kutoka kiwandani na kichwa na chesisi tu, kisha wajenzi wa bodi wakaisimamisha ikawa matatu au basi. Anajua pia kwamba karakana za Arusha huikata Land Cruiser, zikairefusha na kuipa paa la kunyanyuka ili mtalii asimame kutazama simba. Tofauti ni kwamba anayegeuza gari la fundi bomba haanzi na chesisi tupu. Anakuta nyumba ya mtu mwingine, yenye kuta zilizokwisha kuamuliwa.

Jambo hili lina babu yake. Mwaka 1866 Charles Goodnight, mfugaji wa Texas, alichukua gari la jeshi lililotengenezwa na Studebaker, la kukokotwa, akaligeuza kuwa jiko la wachunga ng'ombe waliokuwa wakiswaga mifugo masafa marefu. Nyuma alifunga kabati la mbao lenye droo na rafu: unga, maharage, kahawa, dawa, vyombo. Mfuniko wa kabati ulikuwa na bawaba kwa chini, hivyo ukiangushwa na kuegemezwa mguu mmoja, ulikuwa meza ya mpishi. Pipa la maji lilikaa ubavuni, na chini ya gari ilining'inia ngozi ya kubebea kuni, maana tambarare zile hazina miti ya kutegemea. Goodnight hakubuni gari jipya. Alitazama gari la kazi, akauliza mpishi atasimama wapi. Kampuni ya Westfalia ya Ujerumani iliuliza swali hilohilo ilipotoa seti yake ya kambi kwa ajili ya Volkswagen mwaka 1951: fanicha za kutiwa ndani ya gari la mizigo kwa mapumziko, na kutolewa kazi inaporudi.

Anayeigeuza bodi ya fundi bomba leo huwa na mahali fulani akilini. Magharibi ya Marekani kuna ardhi kubwa ya umma inayosimamiwa na idara ya serikali, Bureau of Land Management, na sehemu nyingi za ardhi hiyo mtu huruhusiwa kupiga kambi bure, kwa kawaida hadi siku 14 ndani ya siku 28. Hakuna bomba, hakuna nguzo ya umeme, hakuna choo. Jangwa la Utah au Nevada huchoma mchana, na usiku wa msimu wa baridi maji yakaganda kwenye ndoo. Kila uamuzi ndani ya gari unajibu hali hiyo.

Uamuzi wa kwanza ni juu ya chuma, na hapa ndipo subira ya fundi huonekana kuliko popote. Chuma hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko mbao. Mtu akilala ndani ya sanduku la chuma usiku wa baridi, pumzi yake yenye unyevu hugusa ukuta, na unyevu hugeuka matone. Ukutani palipo wazi matone hufutwa kwa kitambaa. Hatari iko nyuma ya ubao uliopigwa vizuri, ambako hakuna anayeona. Maji hukusanyika pale, kihamijoto kinalowa, na kutu inaanza kula bodi kutoka ndani huku nje rangi inang'aa.

Basi fundi makini hufumua kila kitu kwanza. Anatoa mazulia, mabano na vipande vya waya vilivyosahauliwa, anaziba kila tundu la skrubu la zamani, anapiga msasa penye kutu hadi chuma kitoe weupe, ndipo anapaka rangi ya msingi. Halafu anabandika vipande vya povu gumu, lile lisilonyonya maji, moja kwa moja juu ya bati bila kuacha nafasi ya hewa nyuma yake. Wengine hupenda sufi ya kondoo kwa sababu hupokea unyevu na kuurudisha hewani, nao wana hoja. Lakini kilichonivutia zaidi ni mbavu. Bodi imeshikwa na mbavu za chuma, na kati ya ubavu mmoja na mwingine mtu yeyote anaweza kujaza povu. Anayejua kazi huzifunika na mbavu zenyewe kwa utepe mwembamba wa povu kabla hajapiga ubao, maana ubavu mmoja ulio wazi hupitisha baridi hadi ndani kana kwamba kazi yote haikufanyika. Utepe huo hauonekani tena maisha yote ya gari. Mnunuzi hatauliza habari zake.

Baada ya hapo hukatwa tundu la mraba la kama sentimita 36 kwenye paa kwa ajili ya feni. Kukata paa zima kwa msumeno kunahitaji moyo. Feni hutoa hewa yenye unyevu juu, na tundu jingine chini huingiza hewa kavu. Hata kwenye theluji dirisha huachwa wazi kidogo. Anayefunga kila upenyo ili apate joto ataamka amelowa.

Kisha yanakuja makabati, na mimi ningekaa siku nzima nikimsikiliza mtu akigawa makabati. Yako nje ya kihamijoto. Yatakuwa baridi sawasawa na jangwa lenyewe. Kwa hiyo swali halihusu nafasi peke yake; kila kitu huulizwa kitafanya nini kikiganda. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kupasua tangi au pampu, basi maji huingia ndani, chini ya kitanda. Betri za kisasa za lithiamu aina ya fosfeti ya chuma hazifai kuchajiwa chini ya nyuzi 0, basi nazo huingia ndani, ingawa kabati la nje lilionekana kama lilitengenezwa kwa ajili yake. Jeki, minyororo ya theluji, viti vya kukunja, kamba, koleo na kuni hazijali baridi, hizo hubaki nje.

Mtungi wa gesi una hesabu yake. Propeni ni nzito kuliko hewa; ikivuja hutambaa sakafuni na kulala humo ikingoja cheche. Kwa hiyo mtungi hutafutiwa kabati la nje lisilo na mawasiliano yoyote na chumba cha kulala. Kila upenyo wa upande wa ndani huzibwa, na tundu hutobolewa kwenye sakafu ya kabati ili gesi ianguke nje, ardhini. Kabati la fundi bomba, kwa mpira wake mzuri wa mlango, liko nusu tayari kwa kazi hiyo. Linahitaji drili na akili.

Jiko nalo huweza kubaki nje kabisa. Kabati kubwa la ubavuni hutiwa reli za droo zenye kufuli, jiko huvutwa nje kama fundi alivyokuwa akivuta sanduku lake la vifaa, na mpishi husimama juu ya mchanga akiwa na anga yote. Naona huu ni uamuzi bora kuliko kubana jiko ndani, kwa sababu mvuke wa sufuria haulowanishi ukuta na harufu ya vitunguu haikai kwenye mto wa kulalia. Mwenye kwenda Alaska anaweza kunibishia.

Kuhusu kitanda, vipimo vya bodi huamua vyenyewe. Upana wake kutoka ubavu hadi ubavu ni kati ya mita 2 na mita 2.4 hivi, na makabati hula sehemu ya chini tu. Juu yake ukuta hurudi nyuma hadi kwenye ngozi ya gari, kukiwa na rafu kila upande. Kitanda hulazwa juu ya rafu hizo, kikivuka ujia, mtu akalala kichwa upande wa dereva na miguu upande wa abiria. Chini yake hubaki ghala refu linalofikiwa kwa mlango wa nyuma. Hakuna ukuta uliobomolewa.

Umeme hauna mashairi mengi lakini una hatari, basi usipuuzwe. Vifaa vya wati 1,200 kwenye volti 240 za nyumbani kwetu huvuta ampea 5. Kwenye volti 12 za gari huvuta 100. Hiyo ndiyo sababu ya nyaya nene, fyuzi karibu kabisa na betri, na pete ya mpira kila waya unapopita kwenye tundu la bati, maana ukingo wa bati ukisugua waya kwa kilomita elfu kadhaa utaifikia shaba tu. Tamaa ya taa porini si ya leo. Thomas Edison alipokuwa akipiga kambi na Henry Ford na Harvey Firestone, katika safari zao za kati ya 1915 na 1924, kambi yao iliwashwa taa kwa betri zake.

Halafu kuna viungo. Chesisi ya lori hujipinda gurudumu moja likipanda jiwe, na bodi hufuata. Seremala wa nyumba akileta misumari na gundi yake, kabati zuri litalia kwa mwezi kisha litapasuka. Wajuzi hutumia bolti, na kwenye bati ambalo mkono haufiki nyuma yake hubana nati ya aina ya ribiti, inayojishika yenyewe ndani ya tundu. Kila kitu kinaweza kufunguliwa. Fundi bomba aliyekuwa na gari hili asingeshangaa. Kazi yake ilikuwa kufungua walivyofunga wengine.

Ndiyo maana siyapendi magari yanayosifiwa sana kwenye picha, yenye dari ya mbao za msonobari, vigae nyuma ya sinki na kaunta ya mti mzito. Ni nyumba ndogo zilizopandishwa kwenye matairi kwa nguvu. Vigae havijui kona, na mbao zile ni kilo juu ya kilo.

Uzito ndio hakimu wa mwisho wa kazi hii. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kibandiko kinachosema gari lote, na kila kilichomo, lisizidi uzito gani. Bodi ya chuma yenyewe imekwisha kula sehemu kubwa. Lita 80 za maji ni kilo 80. Bamba moja la plaiwudi la milimita 12 ni karibu kilo 20. Mtu makini hulipeleka gari kwenye mizani ya malori kabla ya kupaka rangi ya mwisho, likiwa na maji, mafuta, chakula na abiria wake, na kupewa karatasi yenye uzito wa kila ekseli peke yake. Ekseli ya nyuma ikiwa imeelemewa huku ya mbele ina nafasi, hurudi karakana, akafungua tangi na betri, akavisogeza mbele kadiri ujia unavyoruhusu, akatoboa matundu mapya, akayaziba ya zamani, akarudi mizanini.