Jina la Jedwali Halitoshi

Anayekabidhiwa hifadhidata asiyoijua ana swali la kujibu kabla ya kugusa chochote: mabadiliko ya muundo wake yanaendeshwa na zana gani? Wengi hulijibu upesi. Hufungua orodha ya majedwali, wakaona flyway_schema_history wakasema Flyway, wakaona django_migrations wakasema Django, wakaona alembic_version wakasema Alembic. Mara nyingi hupatia. Hata hivyo, kupatia ni jambo moja na kujua ni jingine. Ukitaka kupima ubora wa kazi ya mchunguzi, tazama amelichukuliaje jina la jedwali. Fundi hodari huliona kuwa fununu, kisha hutafuta ushahidi kwamba zana hiyo ndiyo inayotawala hadi leo.

Udhaifu wa jina huonekana wazi kwenye schema_migrations. Rails hulitumia, Ecto ya lugha ya Elixir hulitumia, golang-migrate hulitumia, na dbmate vilevile. Zinazotofautisha ni safuwima. Jedwali la Rails lina version peke yake, na tangu toleo la 5 huandamana na jedwali la pili, ar_internal_metadata. Ecto huongeza inserted_at. golang-migrate ina version na dirty, na kwa kawaida hubeba safumlalo moja tu, kwa kuwa hutunza hali ya sasa na si historia. Mtihani wenyewe ni dbmate: nayo ina version peke yake, kwa hiyo ukilitazama jedwali lake tu huwezi kulitofautisha na la Rails ya zamani. Hapo mchunguzi mwaminifu hukiri kwamba hifadhidata imefikia mwisho wa ushahidi wake, akaenda kwenye faili za mradi. Akikuta faili za SQL zenye alama ya «-- migrate:up», shauri limekatika.

Kuna pia jina lililobadilishwa. Liquibase kwa kawaida huandika DATABASECHANGELOG na DATABASECHANGELOGLOCK, lakini OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, huyaita majedwali hayo liquibasechangelog na liquibasechangeloglock. Anayesaka jina la kawaida atatoka mikono mitupu na kutangaza kwamba hakuna zana. Anayesaka umbo atazikuta AUTHOR, FILENAME, ORDEREXECUTED na MD5SUM, na ndani ya hiyo ya mwisho thamani zinazoanza na tarakimu na nukta mbili, kama 8: au 9:. Tarakimu hiyo ni toleo la hesabu ya uhakiki, hivyo hudokeza hata umri wa Liquibase iliyoigusa safumlalo hiyo mara ya mwisho. Flyway nayo, kabla ya toleo la 5, jedwali lake liliitwa schema_version. Majina huja na kupita; umbo hudumu zaidi.

Lakini hata umbo huthibitisha tu kwamba zana iliwahi kupita hapo. Hifadhidata kongwe ya Django inaweza kuwa na south_migrationhistory, masalio ya zana ya South, iliyotumika kabla Django 1.7 haijaleta utaratibu wake yenyewe mwaka 2014. Jedwali lipo, zana haipo. Ndiyo maana tarehe ya safumlalo ya mwisho ina thamani kuliko jina, na kipimo kikali zaidi ni kujenga hifadhidata tupu kutoka kwenye faili za mabadiliko, kisha kulinganisha muundo wake na ule unaotumika. Ikionekana safuwima ambayo hakuna faili inayoieleza, kuna mtu anayepitia mlango wa uani, na ripoti inayosema «Flyway» bila kumtaja haijakamilika.

Wapo watakaosema haya ni kuzunguka mbuyu: soma msimbo, utajua. Hoja hiyo ina uzito, maana zipo zana zisizoacha jedwali la historia kabisa. Skeema, ya MySQL, hulinganisha muundo unaotakiwa na uliopo, ikatekeleza tofauti. Kwa hiyo kutoona jedwali si uthibitisho kwamba kazi hufanywa kwa mkono. Ila msimbo husimulia nia. Mipangilio ya zana iliyoachwa zamani hubaki kwenye mradi kwa sababu tu hakuna aliyejisumbua kuifuta, na hifadhidata ya majaribio inaweza kutii zana huku ile ya kazi ikibadilishwa usiku na msimamizi mwenye haraka. Msimbo na hifadhidata vikipingana, mpingano huo ndio habari kubwa kuliko zote.

Wengine watauliza kama swali dogo hivi linastahili gharama yote hiyo. Inategemea nini kitafuata. Ukitaka kusoma data tu, jina linatosha. Ukikusudia kubadilisha muundo, fikiria Flyway: ikikuta hifadhidata yenye majedwali lakini isiyo na historia yake, hukataa kuendelea. Ni kinga nzuri, ila mwenye pupa huizima kwa kuwasha mpangilio wa baselineOnMigrate, na kuanzia hapo kuna watawala wawili wasiojuana. Zana ya Prisma ilikuwa hatari zaidi: hadi mwaka 2025 amri yake ya «migrate dev», ilipogundua muundo umetofautiana na historia, iliuliza kama ianzishe hifadhidata upya, yaani ifute data iliyomo. Aliyekisia zana huenda alijibu ndiyo.