MGB ya 1967: Kaeni Niwasimulie!

Kwanza, sauti! Ukizungusha ufunguo hatua moja tu, kabla stata haijaguswa, unasikia tik-tik-tik-tik kutoka nyuma, upande wa gurudumu la kulia. Hiyo ni pampu ya mafuta ya SU inajaza kabureta. Inaanza mbio mbio, inapunguza, halafu inanyamaza, na hapo unajua petroli imefika. Vuta choki, piga stata, na injini ya cc 1798 inaamka kwa mngurumo mzito unaoupata kifuani kabla ya masikioni. Jamani! Nimeendesha magari mapya yenye nguvu maradufu ya hili, na hakuna hata moja lililowahi kunisalimia namna hii.

Gari lenyewe ni MGB ya wazi, viti viwili, bampa za kromu, magurudumu ya spoki, na ile rangi ya bluu hafifu ambayo kiwanda kiliita Iris Blue. Lilizaliwa Abingdon, mji mdogo kusini mwa Oxford, ambako MG walihamia mwaka 1929 na kuunda magari mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1980. MGB iliingia sokoni mwaka 1962. Hadi wanazima mitambo walikuwa wametoa zaidi ya nusu milioni, ukijumlisha na zile za GT zenye paa la bati. Ishike hiyo nusu milioni, nitaihitaji baadaye.

Ingia ndani. Usukani uko kulia, kama tulivyozoea Dar na Nairobi, lakini ni mkubwa, mwembamba, na mikono yake ni nyaya za chuma zinazonesa kidogo ukiushika. Dashibodi ni bati lililopakwa rangi nyeusi ya mikunjo-mikunjo, na ukipitisha kidole juu yake hutaki kukitoa. Swichi ni za kubonyeza juu na chini, kila moja na mlio wake. Kuna mita moja ndogo inayobeba mambo mawili, presha ya oili na joto la maji, na utajikuta unaitazama kuliko unavyotazama simu yako. Unakaa chini mno! Ukinyoosha mkono nje ya mlango unakaribia kugusa lami.

Nikalitoa Abingdon asubuhi, paa limekunjwa, nikashika njia ya Wantage, kisha ile barabara nyembamba ya B4507 inayotambaa chini ya vilima kuelekea Uffington, kwenye yule farasi mweupe wa chokaa aliyechorwa mlimani karibu miaka 3,000 iliyopita. Hapo ndipo gari hili lilinimaliza kabisa. Usukani hauna msaada wowote wa hidroli, kwa hiyo kila kijiwe, kila kiraka cha lami, kinakuja moja kwa moja viganjani. Gia zina mwendo mfupi kiasi kwamba unabadilisha kwa kifundo cha mkono, bega halijui kitu. Gia ya kwanza haina sinkro, hivyo usiiingize gari likiwa bado linatembea, labda kama unajua kukanyaga klachi mara mbili. Mimi nilijifunza hapo hapo, na ile mara ya kwanza ilipoingia bila kusaga, nilipiga kelele peke yangu!

Sasa mtaniuliza kuhusu spidi. Nguvu za farasi ni kama 95. Kutoka kusimama hadi kilomita 96 kwa saa ni sekunde 12 hivi, na mwisho wake ni kupita 160 kidogo. Gari la kawaida la familia la leo linaliacha bila kutoa jasho, na sijali hata chembe. Kwenye kona za Uffington, kwa kilomita 70 tu kwa saa, upepo unakuvuruga nywele, ekzosi inabofya-bofya ukiachia mafuta, harufu ya majani mabichi na oili ya moto inakuingia puani, na mwili mzima unaamini unakimbia mara mbili ya hapo. Furaha yote hiyo, na leseni yako iko salama!

Halafu kuna ovadraivu. Lo! Uko gia ya nne, injini inalalamika kidogo, unagusa kiswichi kwenye dashibodi, na mizunguko inashuka kwa karibu asilimia 20. Gari linatulia, linapumua, linakuwa la safari ndefu. Haikuwekwa kwenye kila gari, mnunuzi alilipia zaidi.

Msilidhani laini. Mwaka 1963 kwenye mbio za magari za Le Mans, MGB ya madereva Paddy Hopkirk na Alan Hutcheson ilizama mchangani. Hutcheson aliichimbua kwa zaidi ya saa nzima, akairudisha barabarani, na bado wakashinda daraja lao.

Na kumiliki je? Hapa ndipo ile nusu milioni inapofanya kazi. Spea zipo tele, kuanzia gasketi hadi bodi nzima mpya, ambazo kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikizitoa tangu 1988. Fungua boneti, ambayo kwenye magari ya miaka hii ni ya aluminiamu na unainyanyua kwa vidole, uone nafasi iliyopo! Plagi, distribyuta, kabureta mbili, vyote viko mbele ya macho. Unafungua kifuniko kidogo juu ya kabureta, unaongeza oili nyepesi, unafunga, na umeshafanya kazi ya fundi. Betri ni mbili za volti 6, zimefichwa nyuma ya viti. Grisi ya magurudumu ya mbele haitaki uvivu, kila kilomita 4,800 hivi.

Adui ni kutu. Gari hili halina chasisi ya pekee. Uzito unabebwa na bodi, hasa ule mhimili wa bati unaopita chini ya milango. Ukienda kununua, kabla hujaitazama rangi, tazama uwazi kati ya mlango na bodi. Ukiona umebana juu na kupanuka chini, mhimili umeoza, na hapo fedha zako zitaishia kwenye kuchomelea.

Za kuanzia mwisho wa 1974 zina bampa nyeusi za mpira na zimeinuliwa kidogo kwa ajili ya sheria za Marekani. Bei yake huwa nafuu, na kama ndiyo unayoimudu, chukua! Hata hiyo itakupigia tik-tik asubuhi. Lakini ukiikuta ya kromu, mlango unafunga kwa mlio mmoja safi, na kile kiswichi cha ovadraivu kipo kwenye dashibodi, usiondoke hapo hujatoa arbuni.