Juma la Septemba Katika Anga ya Boito

Mkulima wa Boito, huko Konoin katika kaunti ya Bomet, akiipokea taarifa ya hali ya hewa ya juma lijalo mwanzoni mwa Septemba, aghalabu huikuta ina maneno yale yale ya juma lililopita na lile lililotangulia: asubuhi vipindi vya jua, alasiri mvua za rasharasha na ngurumo katika sehemu kadhaa, na kwa kuwa jua la asubuhi na mvua ya alasiri ni mambo aliyoyazoea tangu utotoni, hushangaa kwa nini Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, pale Dagoretti Corner mjini Nairobi, irushe maputo na kuwasha kompyuta ili kumwambia hayo. Mshangao huo una haki yake. Walakini nadai kwamba saa ya mvua ndiyo sehemu iliyo thabiti kuliko zote katika taarifa hiyo, na kwamba kazi yote ya mtabiri, pamoja na udhaifu wake wote, imo katika kuamua ni sehemu ngapi zitakazonyeshewa, na siku gani.

Saa yenyewe hutawaliwa na ziwa. Maji ya Ziwa Victoria, yaliyoenea kilomita za mraba zipatazo 68,800 katika kimo cha mita 1,134 juu ya bahari, huhifadhi joto lake usiku kucha, ilhali nchi kavu ya pembeni hupoa upesi. Kwa hiyo hewa baridi huteremka kutoka milimani hadi ziwani, hukutana huko kutoka pande zote, na ndiyo sababu wavuvi hupatwa na tufani alfajiri hali mashamba ya chai yametulia chini ya umande. Jua likishapanda mambo hugeuka: nchi hupata moto kuliko maji, upepo wa ziwani huanza kupanda mashariki, na hapo juu, ambapo Boito imekaa yapata mita 2,000, hukabiliana na pepo za kusi zilizotoka Bahari ya Hindi, zikavuka Bonde la Ufa na kuupita mlima wa Mau. Pepo hizo mbili zikigongana hazina pa kwenda ila juu. Baada ya adhuhuri wingu huwa limekwisha kusimama kama mnara, na tangu saa tisa hadi magharibi hushusha mzigo wake.

Majira ya Septemba huongeza lake. Ukanda wa mkutano wa pepo bado uko kaskazini mwa Ikweta, nalo jua halitavuka Ikweta hadi tarehe 22 au 23. Hivyo sehemu kubwa ya mashariki ya Kenya, Ukambani ikiwamo, ingali kavu ikingoja mvua za Oktoba, wakati nyanda za Kericho na Bomet, ambazo hupata unyevu kutoka ziwani na kutoka misitu ya Kongo, zinanyeshewa bila kungoja ruhusa ya mtu. Kericho hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na ukavu wake wa kweli huja Desemba hadi Februari.

Sasa tazama jinsi juma hilo linavyopigiwa hisabu. Puto hurushwa Dagoretti likipima joto, unyevu na upepo wa tabaka za juu; vipimo vyake hujiunga na vya dunia nzima, na kituo cha Ulaya cha utabiri wa siku za kati hukokotoa mustakabali wa anga si mara moja bali mara 51, kila mara kwa tofauti ndogo ya mwanzo, ili ionekane ni wapi majibu yanapatana na wapi yanapotawanyika. Anga hiyo imegawanywa katika miraba ya kilomita tisa hivi kila upande, na wingu la radi la Konoin huweza kuwa dogo kuliko mraba mmoja. Kwa sababu hiyo kompyuta hulikisia badala ya kuliona, na kosa lake mashuhuri ni kunyeshesha mvua mapema, karibu na adhuhuri. Mifano ya miraba midogo, kama ule wa kilomita 4.4 ambao Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza imeutumia kwa Afrika Mashariki, huisogeza mvua karibu na saa yake ya haki.

Linalobaki ni la mtabiri mwenyewe, nalo ndilo linalonivutia. Hutazama upepo wa kimo cha kilomita tatu hivi: ukigeuka ukatoka magharibi, ukileta hewa ya Kongo, siku hizo huwa na mvua nyingi zaidi, na hutazama lile wimbi kubwa la mawingu lililoelezwa na Madden na Julian mwaka 1971, ambalo huizunguka dunia kwa siku 30 hadi 60, na ambalo likiwa juu ya Bahari ya Hindi magharibi hutia nguvu mvua zetu. Baada ya hayo ndipo anapochagua: "sehemu chache" ni chini ya asilimia 33 ya eneo, "kadhaa" ni kati ya 33 na 66, "nyingi" ni zaidi ya hapo. Msomaji anayetaka faida ayatafute mabadiliko ya daraja hizo, ayaache maneno mengine yapite.

Wala asizitegemee sana siku za mwisho wa juma. Uchunguzi wa wataalamu wa Karlsruhe, Ujerumani, na wenzao, uliochapishwa mwaka 2018 juu ya ukanda wa kitropiki wa kaskazini mwa Afrika, ulionyesha kwamba mifano ya dunia, kabla ya kusahihishwa, ilikuwa taabani kuishinda hata kumbukumbu ya mvua za miaka iliyopita. Huko si Boito, lakini mawingu ya nchi za joto ni ndugu.

Jambo ambalo taarifa ya juma hainyoshei kidole ni mvua ya mawe, nayo ndiyo hasara yenyewe ya mchuma chai, kwani hupasua chipukizi kwa dakika chache, shamba hili likaharibika na la jirani likasalimika. Miaka ya 1960 kulifanyika majaribio ya kuyapiga mawingu ya Kericho kwa roketi, na baadaye kwa ndege zilizonyunyiza iodidi ya fedha. Mwaka 1982 watafiti Schnell na Tan-Schnell wakatoa hoja ya ajabu, kwamba takataka za majani ya chai yenyewe hurusha hewani chembe zinazogandisha barafu. Kwa mawe hakuna utabiri wa juma. Lipo onyo la nusu saa tu, nalo lahitaji rada, na ile ya Mwanza, Tanzania, iko mbali zaidi ya kilomita 300.

Faida ya taarifa ya juma, basi, ni kwa mbolea. Mwenye magunia ya NPK 26:5:5 aliyoyapokea kwa mkopo wa kiwanda, akiona siku mbili za mwanzo zimeandikwa "sehemu chache" na zinazofuata "nyingi", na akijua kwamba Idara huzihesabu milimita 20 kwa siku kuwa mvua kubwa, ataitia mbolea yake hizo siku mbili za mwanzo, udongo ungali na unyevu wa juzi, kabla nitrojeni haijachukuliwa na maji hadi mtoni.