Rwanda katika Vitabu vya Mapadri

Mutu anayetaka kujua mambo ya kale ya Rwanda, inchi ile ndogo ya milima isiyo na bahari, atakutana kwanza na vitabu vya mapadri. Padri Pagès, wa Mapadri Weupe, alitoa chake mwaka 1933. Kanoni Louis de Lacger, wa jimbo la Albi kule Ufaransa, alitoa "Ruanda" mwaka 1939. Tuvisome namna gani leo?

Hatuwadharau wazee hawa. Yale waliyoyasikia kwa masikio yao, yaani desturi, majina ya wafalme, habari za misioni tangu Save mwaka 1900, yana faida hata sasa. Lakini kosa la Pagès liko kwenye jalada: anaiita Rwanda ufalme wa Kihamu. Neno hilo halikutoka katika vinywa vya Wanyarwanda. Speke, Mwingereza, alilieneza katika kitabu chake cha mwaka 1863, naye hakukanyaga Rwanda. Aliona vilele vya Virunga kwa mbali tu, akiwa Karagwe.

Ndugu waseminari, fungueni Kitabu cha Mwanzo, sura ya 9. Noe analaani nani? Si Hamu, bali Kanaani. Wala hakuna mahali Maandiko yanaposema juu ya wafalme wenye ngombe waliokuja kutawala maziwa yetu. Zamani Wazungu walitumia jina la Hamu kuwalaani watu weusi wote. Baadaye, katika karne ya 19, wakaligeuza kuwa sifa ya wale waliowaona kuwa karibu na Wazungu. Mutu anayefundisha Maandiko angepaswa kushtuka. Wachache walishtuka.

Basi hadisi ikawa sheria. Mwaka 1930 Monsinyori Classe aliionya serikali ya Wabeleji isiwaondoe Watutsi katika utawala. Katika miaka ya 1933 na 1934 watu walihesabiwa, na kila mumoja akaandikwa katika kitambulisho: Muhutu, Mututsi, Mutwa. Hatusemi kwamba mbele ya hapo wote waliishi kama ndugu. Majina hayo yalikuwako, na kazi ya lazima iliyoitwa uburetwa iliwaelemea Wahutu tangu wakati wa mufalme Rwabugiri. Lakini sasa muzigo ulipewa sababu ya damu. Kisha wengine wakaishika hadisi ile ile kwa upande wa pili: kama Watutsi ni wageni, basi warudi kwao. Mwaka 1994 maneno hayo yalisikiwa tena, na watu waliokimbilia makanisa ya Ntarama, Nyamata na Nyarubuye wakauawa humo.

De Lacger anatushangaza zaidi, kwa maana yeye mwenyewe anakiri kwamba watu hawa wana lugha moja, ibada moja na sheria moja. Ukurasa huo wabomoa kurasa zake nyingine, naye hakuona.

Padri Alexis Kagame, mwana wa inchi, alifanya kazi kubwa kuliko hao wawili. Bila yeye mashairi mengi ya ikulu yangepotea. Lakini alihesabu kila kizazi cha wafalme kuwa miaka 33, akafika hata mwaka 1091. Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka 2001, anauanzisha ufalme wa Wanyiginya katika karne ya 17, pamoja na Ruganzu Ndori. Kwa hesabu tunamusadiki Vansina.

Na tena, Kagame alisikiliza ikulu. Kule Bukunzi, si mbali na mto Ruzizi, walikuwa na mufalme wao aliyeheshimiwa kwa ajili ya mvua, hata askari wa Wabeleji walipomaliza ufalme huo katika miaka ya 1920. Watu wa ikulu hawakuwa na sababu ya kumutungia mashairi ya sifa, na mapadri walioandika yale waliyoambiwa na ikulu hawakupata mengi ya kuandika juu yake.