Klabu ya Shule Isichague Viongozi Januari

Klabu za wanafunzi si jambo geni kwetu. Klabu za Wanyamapori za Kenya zilianza mwaka 1968, Malihai ya Tanzania ikafuata mwaka 1980, na Roots & Shoots ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1991, mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipokutana na wanafunzi 12 wa sekondari. Majina hayo yamedumu, lakini tawi la shuleni mara nyingi hulegea kila mwaka mpya unapoingia. Lawama huangukia wanafunzi, eti hawana moyo. Naona kosa liko kwenye kalenda. Uchaguzi ukifanyika Januari, wanafunzi wa kidato cha nne walioshika madaftari wameshamaliza mtihani wa Novemba na kurudi makwao. Katibu mpya anapata cheo bila muhtasari wa kikao hata kimoja, na mhazini haelewi michango ya mwaka jana iliishia wapi. Hata kura ikiwa safi namna gani, haiwezi kumfundisha kazi mtu ambaye aliyeifanya kabla yake hayupo.

Kwa shule za Tanzania, wakati unaofaa ni Julai, muhula wa pili unapoanza. Kidato cha tatu hakina mtihani wa taifa, kwa hiyo mwenyekiti, katibu na mhazini watoke huko. Kidato cha pili, ambacho nacho kina mtihani Novemba, kitoe makamu wao. Baada ya kura, wapya wasikabidhiwe kitu mara moja. Hadi mwisho wa Agosti wafanye kazi chini ya macho ya wanaoondoka: katibu mpya aandike muhtasari na wa zamani ausahihishe; mwenyekiti mpya aendeshe kikao kwa ajenda, akijifunza kumnyamazisha msemaji mrefu bila kumvunjia heshima. Mhazini ndiye wa kuangaliwa zaidi. Ajaze daftari la mapato na matumizi kwa stakabadhi halisi, kisha siku ya makabidhiano fedha zihesabiwe mbele ya mlezi, na mhazini wa zamani, mpya na mlezi watie saini chini ya jumla. Saini hizo humlinda anayeondoka kama zinavyomlinda anayeingia.

Wapo walimu watakaosema wanafunzi humchagua mcheshi badala ya mchapakazi, hivyo ni heri mlezi ateue. Hofu hiyo ina msingi, ila dawa yake ni kutanguliza mafunzo. Kila anayechukua fomu ahudhurie kwanza semina fupi ya majukumu ya cheo anachokitaka. Wanaopenda sifa tu wengi wao watajitoa wenyewe, na wapiga kura watabaki na majina ya kuaminika. Uteuzi kutoka juu nao una gharama yake. Mwaka 1999, huko Nyeri, Kenya, wanafunzi waliwachoma moto viranja wao usiku, na wanne wakafa. Siwezi kudai kwamba uteuzi peke yake uliwaua. Chuki ya namna hiyo ina mizizi mingi. Hata hivyo, kiranja anayeonekana ni jicho la walimu hana ngao miongoni mwa wenzake, na Kenya yenyewe ilianza kupanua mabaraza ya wanafunzi waliochaguliwa kwa kura mwaka 2009. Klabu, ambayo mtu hujiunga kwa hiari, ina sababu kubwa zaidi ya kuwaachia wanachama wachague.

Pingamizi kwamba mafunzo haya yatakula muda halina uzito. Vikao vya klabu vingefanyika tu; kinachoongezeka ni semina fupi na mtu wa pili mezani.

Walezi wa klabu, ratiba ya mwaka ujao inapopangwa, andikeni humo tarehe mbili: ya kura Julai na ya makabidhiano mwishoni mwa Agosti. Mkuu wa shule akishazitia saini, zisisogezwe.